Swichi Zetu za Umeme: Rahisi Si Lazima Iwe Ghali

Neno "rahisi" katika lugha yetu hubeba mizigo miwili. Tukisema kitu ni rahisi, pengine tunasema bei yake ni nafuu, na pengine tunasema hakina matata. Wahenga waliitazama maana ya kwanza kwa jicho la wasiwasi wakatuachia onyo fupi: rahisi ni ghali. Hapana mwalimu wa Kiswahili ambaye hajapata kuitoa methali hiyo iandikiwe insha, na hapana mwanafunzi ambaye hajaandika habari za viatu vilivyoachama kabla ya muhula kwisha. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na leo naomba ruhusa ya kuitia methali hiyo katika mizani. Nadai kwamba zipo rahisi za namna mbili: iletwayo na kupunguza mali, na iletwayo na kuongeza maarifa. Ya kwanza ni ghali kwelikweli. Ya pili ndiyo uhandisi wenyewe, na kwa bahati mbaya ndiyo ambayo madarasa yetu huipita bila kuitupia jicho.

Mfano nitakaoutumia ni kitu ambacho wengi wetu hatujapata kukitazama kwa karibu: vipande vya madini vinavyokutana na kuachana katika swichi za umeme wa msongo mkubwa. Nitaviita kontakti. Hata swichi ya ukutani nyumbani ina kontakti zake, lakini ninazozisemea ni zile kubwa, zilizo juu ya nguzo na ndani ya vibanda vyenye onyo la hatari, ambako umeme ungali volti 33,000 au 11,000, kabla ya transfoma kuushusha hadi volti 415 na 240 tunazozitumia. Na mahali ninapopendekeza tusimame ili tuzitafakari ni Mombasa, chini ya kuta za Ngome ya Yesu.

Kwa nini hapo? Kwa sababu hapo uadui wa chumvi na madini unaonekana waziwazi. Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wakaiweka mdomoni mwa bandari ya zamani. Upepo wa kusi unapovuma, bahari hupiga miamba iliyo chini yake, na unyunyu wa chumvi ukabebwa na upepo kuingia Mji wa Kale, Ndia Kuu na Kibokoni, ukatua juu ya kila bati, kila bawaba na kila waya. Machi 1696 Waarabu wa Omani waliizingira ngome, na Desemba 1698 wakaitwaa. Katika miezi hiyo 33, waliokuwamo hawakumalizwa na mizinga kama walivyomalizwa na njaa na maradhi. Kontakti za swichi zilizo karibu na bahari huanguka kwa namna hiyo hiyo. Ni nadra kuvunjwa na pigo moja la radi; aghalabu huzingirwa na chumvi mwezi baada ya mwezi, hadi siku ya kushindwa ifike, na sisi tukasema umeme umekatika ghafla.

Ngome ina ushahidi mwingine. Mwaka 1697, mzingiro ukiendelea, merikebu ya kivita ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele yake. Wanaakiolojia waliichimbua kutoka chini ya maji baina ya mwaka 1977 na 1980, na vitu vilivyopatikana vikahifadhiwa katika makumbusho yaliyomo ngomeni. Wahifadhi wa vitu vya baharini wana funzo moja ambalo kila fundi wa umeme wa pwani angefaa alijue: chumvi haiondoki kwa kufutwa na kitambaa. Huwa imepenya ndani, na isipotolewa kwa subira huendelea kuyala madini hata yakiwa ndani ya kabati la kioo. Basi mwenye kubuni swichi ya Mombasa asijidanganye kwamba kupaka rangi kunatosha. Sharti aanze na kontakti yenyewe.

Kontakti ina maisha mawili: maisha ya kukutana na maisha ya kuachana. Tuyachunguze moja moja, kwani kila moja lina rahisi yake.

Wakati kontakti zimekutana, volti si adui. Ziwe volti 11,000 au 12, kontakti zilizofungamana hazijui tofauti. Zinachokijua ni mkondo unaopita na ukinzani unaoukabili. Joto linalozaliwa ni mkondo kuzidishwa kwa wenyewe, kisha kuzidishwa kwa ukinzani. Chukua swichi ya ampea 630, kipimo cha kawaida katika mitambo ya volti 11,000. Kontakti zikiwa safi na zimebanwa vizuri, ukinzani wake waweza kuwa sehemu 50 za milioni moja ya omu. Wanafunzi na wapige hesabu: joto ni kama wati 20, ambalo hewa hulichukua bila shida. Kutu ikiuongeza ukinzani huo mara kumi tu, joto huwa kama wati 200, nalo huzaliwa mahali padogo kuliko punje ya mchele. Joto huongeza kutu, na kutu huongeza joto. Springi inayobana hulegea, mbano hupungua, ukinzani huzidi tena. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Hapa ndipo maarifa yanapoanza kuokoa fedha. Mwambie mwanafunzi abuni kontakti bora, na bila shaka ataipanua. Ataona kwamba uso mpana lazima upitishe umeme kwa wepesi kuliko uso mwembamba. Sivyo. Uso wa madini, hata ukisuguliwa ukang'aa, ukikuzwa huonekana una vilima na mabonde kama nchi ya Taita. Nyuso mbili zikikutana hugusana vileleni tu. Ukizibana, vilele hupondeka hadi eneo lao litoshe kuhimili mbano. Kwa hiyo eneo la kweli la mguso huamuliwa na nguvu ya kubana pamoja na ugumu wa madini. Upana tunaouona kwa macho haumo katika hesabu hiyo. Shaba ikibanwa kwa nyutoni 100, yaani uzito wa kama kilo 10, eneo la kweli ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita moja mraba, uwe uso wake ni sentimita mraba moja au kumi. Mwanafizikia Msweden Ragnar Holm alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika karne ya 20 kulichunguza jambo hili, na kazi yake ingali msingi wa fani nzima. Upana una faida yake katika kupooza joto, lakini anayeongeza shaba akitumaini kuupunguza ukinzani wa mguso anatupa shaba baharini.

Tuendelee na hesabu. Ugawe mbano ule ule wa nyutoni 100 kwa vidole vinne, kila kimoja kibane kwa nyutoni 25. Ukinzani wa kila kidole utakuwa maradufu ya ule wa mguso mmoja wa awali, lakini kwa kuwa vinne hivyo hufanya kazi sambamba, ukinzani wa jumla utakuwa nusu. Hukuongeza shaba wala mbano, umeongeza fikra. Hata hivyo kila kidole kinataka springi yake, na kila springi ni kitu kimoja zaidi cha kuliwa na chumvi. Ukienda vidole vinane, kumi na sita, thelathini na viwili, kila unaporudufisha idadi faida yake huwa ndogo kuliko ya kwanza, ilhali matata huongezeka vilevile. Mbunifu hodari hasifiwi kwa wingi wa vidole alivyovipanga. Husifiwa kwa kuijua idadi ndogo inayotosha, akakomea hapo.

Lakini yapo mambo ya hatari kuliko joto la kila siku. Shoti inapotokea, mkondo waweza kuruka hadi ampea 20,000 kwa kitambo kifupi. Mkondo huo, ukilazimishwa kupita katika vilele vyembamba, huzaa nguvu inayozisukuma kontakti ziachane. Zikiachana hata kwa unywele, huyeyuka, kisha huungana kama zilizochomelewa, na swichi haifunguki tena. Njia ya gharama ya kuzuia balaa hilo ni kuweka springi nene zenye nguvu nyingi, na mtambo mkubwa wa kuzishinda springi hizo kila swichi inapofunguliwa. Njia rahisi ni ya zamani na inapendeza: tumia visu viwili vilivyo sambamba, vinavyoubana ulimi mmoja wa shaba kutoka pande mbili. Tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba mikondo miwili inayokwenda upande mmoja huvutana. Visu vyenye urefu wa sentimita 30, vilivyotengana kwa sentimita 2, vikigawana ampea 630 huvutana kwa nguvu isiyofika hata nyutoni moja. Vikigawana ampea 20,000, huvutana kwa kama nyutoni 300, uzito wa mzigo wa kilo 30. Yaani shoti yenyewe inayotaka kuitenganisha swichi hugeuka kuwa mkono wa kuibana. Hakuna kilichonunuliwa. Ni mpangilio tu, uliofanywa na mtu aliyeielewa fizikia ambayo wanafunzi wetu huikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau siku inayofuata.

Lipo pia suala la fedha, nayo ni fedha ya masonara. Fedha hupitisha umeme kuliko madini mengine yote, lakini haiishindi shaba kwa mbali. Sababu kubwa ya kuipaka juu ya kontakti ni kwamba kutu ya shaba hupitisha umeme kwa taabu, ilhali fedha haivamiwi na hewa upesi hivyo. Si kwamba haina adui: masonara wa Mji wa Kale wanajua kuliko mimi jinsi inavyosawijika ikikutana na mvuke wenye salfa. Basi je, yafaa tuifunike nayo shaba yote? La hasha. Yatosha tabaka jembamba, na hilo liwekwe pale tu panapogusana. Tena visu vipangwe ili viteleze kidogo vinapokutana, visuguane na kukwangua uchafu wao wenyewe kila swichi inapofungwa. Swichi inayojisafisha kwa mwendo wake haihitaji kifaa cha kuisafisha. Ila, kama mlango wa ghala usiofunguliwa mwaka mzima, isipotumiwa itakwama. Kwa hiyo kuifungua na kuifunga kwa zamu ni sehemu ya ubunifu, hata kama haionekani katika mchoro.

Sasa tuyatazame maisha ya pili, ya kuachana. Hapa ndipo volti inapodai haki yake. Kontakti zikianza kutengana mkondo ukingali unapita, hewa iliyo katikati hugeuka kuwa tao la moto lenye joto la maelfu ya nyuzi, nalo huyala madini. Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde, hivyo mkondo hupita sifuri mara 100 katika sekunde moja. Kazi ya swichi ni kuukamata mmoja wa mipito hiyo na kulizuia tao lisiwake tena. Hapa pia kugawana kazi hupunguza gharama. Kontakti kuu, iliyopakwa fedha, ipewe kazi ya kupitisha mkondo tu, iachane kwanza. Pembeni yake pawe na kipande kingine, cha madini yasiyoyeyuka upesi, kama mchanganyiko wa shaba na tungsteni, kiachane mwisho na kulipokea tao. Kikiliwa, hubadilishwa chenyewe. Katika swichi za hewani hata fito mbili zilizokunjwa kama pembe hufaa: tao huzaliwa chini, hupanda juu kwa joto lake na kwa nguvu ya sumaku yake, hurefuka, hukatika.

Wakubwa wa fani hii walikwenda mbali zaidi, wakaiondoa hewa yenyewe. Mwaka 1926 Royal Sorensen wa chuo cha teknolojia cha California alieleza majaribio ya kukata mkondo ndani ya ombwe. Ilichukua miongo kadhaa mpaka viwanda vikajua kuyatakasa madini na kuliziba ombwe lisivuje. Leo chupa moja ya ombwe ya volti 11,000 ina vipande viwili vya duara, aghalabu vya mchanganyiko wa shaba na kromi, vinavyoachana kwa nafasi ya kama sentimita moja tu. Vipande hivyo hukatwa mipasuo ya kuzunguka ili mkondo wenyewe ulisukume tao lizungukezunguke, lisitulie mahali pamoja likapatoboa. Chumvi ya bahari haiingii humo. Ukikitazama, kifaa hicho ni rahisi kuliko swichi zote zilizokitangulia. Lakini urahisi wake umelipiwa kwa miaka ya kufikiri.

Kuna swichi nyingi nyingine zinazotumia gesi iitwayo salfa heksafloridi kulizima tao. Gesi hiyo hufanya kazi yake vizuri mno, lakini ikivuja angani huzuia joto la dunia lisitoke kwa zaidi ya mara 20,000 ya hewa ya kaboni, kilo kwa kilo. Kwa sababu hiyo sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 iliiweka tarehe 1 Januari 2026 kuwa mwanzo wa marufuku ya kuitumia katika swichi mpya za hadi volti 24,000, ambamo volti zetu 11,000 zimo. Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba wabunifu wa dunia nzima wamerudi mezani, na kontakti inachorwa upya. Majadiliano hayo yanaendelea. Kiti kimoja kingefaa kukaliwa na mtu anayeijua chumvi ya kusi. Tusipokikalia, kazi yetu itabaki ile ile ya kupokea, na pengine tutapokea vile ambavyo wenzetu wamekatazwa.

Hadi hapa nimeisifu rahisi ya maarifa. Haki yataka niitaje pia rahisi ile ambayo wahenga waliionya, kwa sababu ndiyo inayotuzunguka. Ni tabaka la fedha lililofanywa jembamba mno hata likatoweka baada ya kusuguana mara chache. Ni springi ya chuma hafifu mahali palipotaka chuma kisichoshika kutu. Ni waya wa alumini uliofungwa moja kwa moja juu ya kipande cha shaba. Madini hayo mawili yakilowa maji ya chumvi hugeuka kuwa betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Katika shule moja ya karibu na bahari niliyopata kufundisha, umeme ulizimika wiki ya mitihani ya majaribio. Fundi alipoteremka kutoka juu ya nguzo alitufungulia kiganja: alumini ilikuwa imebaki unga mweupe, na bolti iliyoishika ilikuwa nyeusi kwa moto. Kiungo cha kufaa, kilichotengenezwa kwa ajili ya kuyaunganisha madini hayo mawili, kingegharimu kiasi kidogo sana. Kilichogharimu kikubwa ni usiku tatu za wanafunzi mia kadhaa kusomea kwenye taa za mafuta.

Na gharama hiyo haihesabiwi katika karatasi za zabuni. Humwangukia muuza samaki ambaye barafu yake imeyeyuka, kinyozi aliyekaa na mashine kimya, na mama anayesubiri zahanati iliyo gizani. Humwangukia zaidi fundi anayelazimika kuivuta kwa nguvu swichi iliyokwama, asijue kama itafunguka yote au nusu, na tao likawaka juu ya kichwa chake. Wenzetu wa Unguja wanajua ni nini kutegemea kiungo kimoja: walikaa bila umeme wa kutoka bara tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kwa hiyo ninaposema kontakti, sizungumzii vidude vya chuma tu. Nazungumzia nani analipa mbunifu asipofikiri.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wataniambia: ewe mwalimu, sisi na ubunifu wa swichi za msongo mkubwa wapi na wapi? Maabara za kuzijaribu ni za mamilioni, na makosa yake ni mauti. Tununue za wenzetu waliokwisha kufuzu. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Kifaa cha kukata mkondo wa shoti hakiwezi kuthibitishwa katika karakana ya shule, na asiwepo mwalimu atakayejaribu. Lakini tumekuwa wanunuzi kwa muda gani? Historia ya umeme Mombasa inasimuliwa kuanzia mwaka 1908, pale mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliponunua jenereta iliyokuwa imeliangaza kasri la Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliungana kuwa East African Power and Lighting. Tangu jenereta ile iliyonunuliwa mkono wa pili imepita zaidi ya karne moja, na mnunuzi wa karne nzima asiyejua kukichunguza anachokinunua hana budi kuuziwa chochote. Hata tusipotengeneza, ni lazima tujue kupima.

Tena iko bidhaa moja ambayo tunayo na wao hawana, nayo ni chumvi yetu wenyewe. Viwanda vya ng'ambo hujaribu vifaa vyao ndani ya sanduku lenye unyunyu wa chumvi kwa saa kadhaa, kisha hukisia miaka. Sisi hatuhitaji kukisia. Tunayo masika, tunayo kusi, tunayo jua la kaskazi, bure bilashi, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa walimu wenzangu ni hili. Kwa kuwa ukinzani wa mguso ni jambo la mkondo, wala si la volti, unaweza kufundishwa kwa betri ya gari, bila hatari ya msongo mkubwa. Twaeni vipande viwili vya shaba, mvipitishe ampea chache kwa kupitia kizuizi kinachofaa, mpime milivolti kati yavyo. Wekeni uzito wa kilo moja juu yake, kisha kilo nne, mwone kama ukinzani haukushuka karibu nusu. Badilisheni upana wa uso, uzito ukibaki ule ule, mwone kama upana umeleta tofauti yoyote ya maana. Nawahakikishieni kwamba mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hatasahau. Kisha vipande vingine, kimoja kitupu, kimoja kilichopakwa grisi, kimoja cha bati na kimoja cha fedha kutoka kwa sonara, viwekwe juu ya paa la shule linalotazama bahari, vipimwe kila mwezi kwa mwaka mzima, na matokeo yaandikwe ukutani. Mtaala wa umilisi umeifungulia sayansi na uhandisi njia yake katika sekondari ya juu. Njia hiyo ina haja ya kazi za namna hii, zenye swali ambalo jibu lake halimo nyuma ya kitabu.

Na kwa vyuo nina ombi kubwa zaidi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianzia katika taasisi iliyojulikana kama MIOME, kikawa Politekniki ya Mombasa mwaka 1972, na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kimelea mafundi wa pwani kwa vizazi. Si mbali nacho iko Ngome ya Yesu, penye watu waliotumia miaka wakipambana na chumvi iliyoingia ndani ya madini ya karne ya 17. Wahandisi wa chuo, wahifadhi wa ngome na kampuni ya umeme wakikaa pamoja, wanaweza kuanza na swichi za kutenganisha, zile zinazofunguliwa mkondo ukiwa umekwisha kukatwa; hizo hazina tao kubwa la kuzima, na kasoro zake nyingi ni za mguso na kutu. Kontakti zilizoungua, badala ya kupelekwa kwa wauza vyuma vikuukuu, zipelekwe madarasani zikapasuliwe na kuchunguzwa. Kila moja imeandikwa habari za kifo chake, na asomaye habari hizo ndiye atakayebuni iliyo bora.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba nchi maskini haina budi kuridhika na vitu rahisi. Nakubali, kwa sharti moja: urahisi huo uwe ni wa kujua. Kisu cha pili kilichowekwa sambamba na cha kwanza, fedha iliyopakwa palipogusana tu, kipande kidogo kilichowekwa pembeni kiungue kwa niaba ya kikubwa. Hivi ni vitu vya bei nafuu ambavyo tajiri yeyote angeona fahari kuvimiliki. Methali ya wahenga na ibaki katika vitabu vyetu vya insha, maana ni ya kweli. Ila mwalimu atakayeitoa mwaka huu na awaulize wanafunzi wake swali la ziada: kitu hiki kimerahisishwa kwa kupunguziwa nini? Kama ni mali, wajihadhari. Kama ni matata, wajifunze.